Kijazo cha Soseji na Mkate: Jinsi Waitalia Wanavyolisha Nyumba Nzima kwa Nyama Kidogo

Mama msomaji, sikukuu ikikaribia, hesabu huanza mapema nyumbani. Kuku ni mmoja, au wawili kama Mungu amejalia. Watoto ni saba. Babu na bibi wapo, shangazi amesema atakuja na wanawe, na kijana aliye mjini amepiga simu kwamba ataleta rafiki yake. Mapaja ya kuku ni mawili tu. Nani atapata nyama, na nani ataambulia shingo na mchuzi? Kila mama amekwisha jiuliza swali hilo usiku, wenzake wakiwa wamelala.

Swali hili si letu peke yetu. Watu wa nchi nyingi wamelitafutia majibu yao. Leo twataka kukueleza jibu la Waitalia, hasa wale waliohamia Marekani. Wao huchukua nyama ya nguruwe kidogo, mkate uliokauka ambao mwingine angewatupia kuku, vitunguu na viungo. Wakapika chakula kimoja kitamu ambacho hushindiliwa ndani ya bata mzinga au kuku wa sikukuu, au huokwa kando yake katika chombo. Sisi tukiite kijazo.

Ni chakula cha heshima, tena gharama yake si kubwa. Lakini kina sharti moja lisilovunjwa, nalo ni kuiva sawasawa. Tafadhali usiishie katikati ya habari hii, maana sharti hilo lahusu afya ya nyumba yako yote.

WENYE CHAKULA HIKI

Wasomaji wa Nyeri na wa Iringa wanawajua Waitalia tangu siku za mababu. Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano, walifika Kenya mwaka 1902 na Iringa mwaka 1919. Padre huyo alitangazwa Mtakatifu mwezi Oktoba 2024. Torino iko kaskazini ya Italia. Kwa habari ya soseji yetu ya leo, hapana budi tushuke mpaka kusini.

Warumi wa kale wenyewe walikiri kwamba soseji walijifunza kwa watu wa kusini, katika nchi iliyoitwa Lucania, ambayo leo ni mkoa wa Basilicata. Mwandishi Varro, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba askari ndio waliojifunza kwa Walucania, na ndiyo sababu soseji hiyo ikaitwa lucanica. Jina hilo halijafa. Kaskazini ya Italia husema luganega, na Wagiriki husema loukaniko.

Kwa mkulima wa Italia nguruwe alikuwa kama ghala. Alilishwa mabaki ya jikoni na ya shambani mwaka mzima, akachinjwa wakati wa baridi, mwezi wa Desemba au Januari, kwa kuwa baridi ilizuia nyama isioze. Tarehe 17 Januari ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abate, msimamizi wa wanyama. Katika picha nyingi huchorwa na nguruwe miguuni pake. Siku ya kuchinja, majirani walisaidiana. Mapaja ya nyuma yalitiwa chumvi yakawekwa miezi mingi. Vile vipande vidogo vilivyobaki, pamoja na mafuta, vilikatwakatwa, vikatiwa chumvi na viungo, vikashindiliwa ndani ya utumbo mwembamba uliosafishwa. Hiyo ndiyo soseji. Ilizaliwa kwa sababu watu hawakutaka kutupa kitu.

Basi kati ya mwaka 1880 na 1920 Waitalia wapatao milioni 4 walivuka bahari kwenda Marekani. Wengi wao walitoka kusini, walikofukuzwa na ufukara na uhaba wa ardhi. Walifanya kazi za kujenga reli, kuchimba migodi, kushona nguo, kubeba mizigo bandarini. Huko walikuta sikukuu wasiyoijua, Siku ya Shukrani. Rais Lincoln aliitangaza kwa taifa zima mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 iliiweka Alhamisi ya nne ya mwezi Novemba. Siku hiyo Wamarekani hula bata mzinga, ndege ambaye asili yake ni Marekani yenyewe, naye hujazwa mkate, vitunguu, na majani ya seji yenye harufu kali. Tayari mwaka 1827 mwandishi Sarah Josepha Hale, yule aliyeipigania sana sikukuu hii, alieleza katika riwaya yake karamu yenye bata mzinga aliyejazwa.

Mama wa Kiitalia alikitazama kijazo kile, akaona kwamba anakifahamu. Kwao pia ndege alijazwa siku kuu. Pellegrino Artusi, ambaye kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1891 kinapatikana katika nyumba nyingi za Italia hata leo, ameeleza kuku aliyejazwa soseji. Basi yule mama akauchukua mkate wa Wamarekani, akatia soseji ya kwao yenye shamari, akatia kitunguu saumu na jibini kidogo. Hakuacha cha kwao, wala hakukataa cha wenyeji. Waingereza nao hutia nyama ya soseji katika kijazo chao. Bali cha Mwitalia hujulikana kwa harufu ya shamari kabla hujafunua chungu.

Chakula hicho hicho hurudi mezani siku ya Noeli. Usiku wa kuamkia Noeli Waitalia wengi hawali nyama, hula samaki, kufuata desturi ya zamani ya mkesha. Mfungo huo ulikuwa sheria ya Kanisa mpaka mwaka 1966. Basi asubuhi, baada ya Misa, harufu ya soseji inayokaangwa ndiyo huwaambia watoto kwamba mfungo umekwisha.

NYAMA ILIYOSAGWA HAINA USHAHIDI

Sasa tufike kwenye lile sharti. Mama, soma sehemu hii pamoja na baba wa nyumba, hasa ikiwa mnafuga nguruwe.

Kuna mnyoo bapa, mrefu, aitwaye tegu, akaaye katika utumbo wa mtu. Mayai yake hutoka pamoja na choo kikubwa. Nguruwe anayezurura kijijini hula kila kitu, hata kinyesi cha watu vichakani. Akiyala mayai hayo, watoto wa tegu hutoka, huingia katika nyama yake, wakakaa humo ndani ya vifuko vidogo vyeupe vyenye maji, vingine kama punje ya mchele, vingine kama kunde. Mtu akila nyama hiyo kabla haijaiva, kifuko kile hugeuka tegu tumboni mwake.

Ubaya hauishi hapo. Mtu mwenye tegu akitoka chooni bila kunawa, mayai hubaki mikononi mwake, yakaingia katika maji na chakula cha nyumba yake. Mtoto akiyameza, humpata yale yale yaliyompata nguruwe: watoto wa tegu huingia mwilini mwake, hata katika ubongo. Ndipo wengine huanza kuanguka kifafa. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika sehemu nyingi zenye ugonjwa huu, watu kama 30 katika kila 100 wenye kifafa wamekipata kwa sababu ya tegu wa nguruwe. Kwetu Tanzania waganga wa hospitali wameuchunguza na kuuona Mbulu, Mbozi, na sehemu nyingine zinazofugwa nguruwe.

Angalia basi: mtoto huyo pengine hakula hata kipande cha nyama ya nguruwe. Aliugua kwa sababu ya mikono ya mtu mwingine. Wala si uchawi, wala si pepo, wala si laana ya ukoo. Mtoto aangukaye kifafa asifichwe ndani, asiondolewe shuleni. Apelekwe hospitali, maana dawa zipo.

Nimesema haya yote kwa sababu soseji ina hatari yake ya pekee. Kipande kizima cha nyama waweza kukigeuza, kukikata na kukitazama. Kikisha kusagwa na kutiwa viungo, hakikwambii tena kilitoka kwa nguruwe gani. Kwa hiyo fuata kanuni hizi:

1. Nunua nyama iliyokaguliwa na bwana mifugo na kupigwa mhuri. Bei ndogo ya nyama ya kichakani ni ghali mwishoni.

2. Usinunue nyama iliyokwisha sagwa kwa mtu usiyemjua. Nunua kipande kizima, uisage au uikate mwenyewe.

3. Kabla ya kusaga, kata nyama vipande vyembamba mahali penye mwanga, uitazame. Ukiona vile vifuko vyeupe, usiipike, usiwape mbwa; mwarifu bwana mifugo.

4. Usipoona kitu, bado usitegemee macho tu, maana vifuko vikiwa vichache macho huvikosa. Pika mpaka nyama yote ibadilike rangi na isibaki hata alama ya wekundu. Mwenye kipimajoto cha nyama aone nyuzi 71 za Sentigredi katika nyama ya nguruwe iliyosagwa.

5. Usiionje nyama mbichi ili kujua chumvi. Kaanga kidonge kidogo, ukionje kikiwa kimeiva. 

6. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na baada ya kutoka chooni. Nguruwe afungiwe bandani, na kila nyumba iwe na choo kinachotumiwa na wote. Hapo ndipo tegu hukatwa mzizi.

SOSEJI BILA MASHINE

Usiogope neno soseji. Kwa kijazo hatuna haja ya utumbo wala ya mashine. Mama wa Kiitalia anayenunua soseji dukani huchana ile ngozi akaitupa, akatumia nyama ya ndani tu. Wewe utaanza moja kwa moja na nyama ya ndani.

Chukua nusu kilo ya nyama ya bega la nguruwe. Bega lina nyama na mafuta kwa kadiri nzuri. Nyama tupu isiyo na mafuta itakuwa kavu kama maganda. Mafuta yafikie kama robo, au yazidi robo kidogo. Sheria ya Marekani yenyewe hairuhusu mafuta kuzidi sehemu 35 katika 100 kwa soseji inayouzwa kwa jina la Kiitalia, nayo yataka soseji hiyo iwe na chumvi, pilipili, na shamari au anisi.

Kama huna mashine ya kusagia, kata nyama kwa kisu kikali mpaka iwe vipande vidogo kama punje za mahindi. Kisha utie:

chumvi, kijiko kidogo 1 na nusu;
pilipili manga iliyotwangwa, nusu kijiko kidogo;
shamari, kijiko kidogo 1, iliyopashwa moto kidogo katika kikaango kikavu, kisha ikatwangwa isiwe laini sana;
kitunguu saumu, punje 2 zilizopondwa;
pilipili kali kavu, kidogo tu, kwa wanaoipenda.

Shamari hupatikana kwa wauza viungo mjini na katika maduka ya pwani. Ina harufu tamu, nayo huuondoa ule uzito wa mafuta ya nguruwe. Watu wengine wakiikosa hutia bizari nyembamba. Chakula kitakuwa kizuri, lakini hakitakuwa na ladha ya Kiitalia.

Kanda yote kwa mkono safi kwa dakika mbili au tatu, mpaka nyama ianze kushikamana. Funika, uiache mahali pa baridi saa moja, au usiku kucha kama unayo friji. Chumvi na viungo vitaingia ndani. Kama huna friji, usikae nayo; ikande asubuhi ile ile ya kupika.

MKATE ULIOLALA

Huko kusini ya Italia mkate uliheshimiwa sana. Katika nyumba nyingi kipande kikianguka chini kiliokotwa kikabusiwa. Mkate uliokauka ulitiwa katika supu, ukachanganywa na nyanya, ukakandwa pamoja na nyama iliyosagwa ili vidonge vya nyama viwe vingi. Kwa hiyo kijazo ni ndugu wa vyakula hivyo.

Mkate mpya haufai. Ukitiwa supu hulegea ukawa kama uji. Mkate uliolala siku mbili au tatu hunywa supu bila kuvunjika. Chukua mkate mmoja wa kama nusu kilo, usio na sukari nyingi, uukate vipande vya mraba vya ukubwa wa kidole gumba. Vitandaze katika ungo safi, uvifunike kwa kitambaa chepesi nzi wasiguse, uvianike juani mpaka viwe vikavu. Siku ya mawingu, vigeuzegeuze katika kikaango bila mafuta juu ya moto mdogo.

Mkate wenye ukungu usitumike kabisa, hata ukikwangua. Maandazi nayo hayafai kwa sababu ya sukari na mafuta yake.

KUPIKA

Kwa watu 10 au 12 utahitaji hiyo nusu kilo ya nyama na huo mkate mmoja, pamoja na vitu hivi:

vitunguu maji vikubwa 2;
selari, mashina 3; ikikosekana, karoti 2 na pilipili hoho 1;
kitunguu saumu, punje 2;
siagi au mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 3;
majani ya seji au ya rozimari yaliyokatwa, kijiko kikubwa 1, kama yapo;
supu ya kuku, vikombe 2 mpaka 3;
mayai 2;
jibini kavu iliyokwanguliwa, vijiko vikubwa 4, kwa mwenye kuipata. Bila jibini pia ni kizuri.

Kwanza, kaanga nyama ya soseji peke yake katika sufuria pana, bila mafuta mengine, maana mafuta yake yatatoka. Ivunjevunje kwa mwiko. Usiharakishe. Kama dakika 10 au zaidi zitapita kabla haijawa ya kahawia na kuiva yote. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ipakue kando katika chombo kisichoguswa na nyama mbichi.

Pili, katika sufuria ile ile, juu ya mafuta yaliyobaki, tia siagi, vitunguu na selari. Pika kwa moto wa wastani mpaka vitunguu vilainike na kuanza kuwa vya dhahabu. Tia kitunguu saumu na majani yenye harufu, ukoroge dakika moja. Kisha mimina kikombe kimoja cha supu, ukwangue chini ya sufuria kwa mwiko. Yale yaliyoshika chini ndiyo utamu wenyewe.

Tatu, weka mkate katika karai kubwa. Tia nyama, vitunguu na mchuzi wake. Changanya taratibu kwa mikono miwili, usiuponde mkate. Onja sasa, kabla ya mayai, uongeze chumvi ikiwa imepungua.

Nne, piga mayai, uyachanganye na kikombe kimoja cha supu iliyopoa. Ikiwa ya moto, mayai yatashikamana. Mimina juu ya mkate huku ukigeuza. Tia jibini. Subiri dakika tano, halafu finya kipande kimoja cha mkate. Kikiwa na unyevu kote, bila kutiririka, kinatosha. Kikiwa kikavu katikati, ongeza supu kidogo kidogo.

Tano, paka siagi sufuria nzito, umimine kijazo, usikandamize. Mwenye jiko la oveni aoke kwa nyuzi 180 kama dakika 45, dakika 15 za mwisho bila kifuniko. Wewe mwenye jiko la mkaa, palia makaa kama upaliavyo wali: machache chini, mengi juu ya kifuniko. Baada ya nusu saa tazama. Juu pawe pa kahawia na pakavu kidogo, katikati pawe laini na moto sana. Kipimajoto kionyeshe nyuzi 74 katikati.

NDANI YA KUKU AU NJE?

Utauliza, "Mbona jina lake kijazo, nawe hujakijaza kitu?" Swali zuri. Hata Marekani siku hizi nyumba nyingi hukioka kando ya bata mzinga wala hazikitii ndani, na sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni afya. Maji ya ndege mbichi huingia katika mkate. Nyama ya nje yaweza kuwa imeiva, na kijazo cha katikati bado ni vuguvugu, na hapo vijidudu hustawi. Ukitaka kukitia ndani, kitie wakati ule ule unapompeleka ndege motoni, si usiku wa kuamkia. Kisijae sana, maana mkate huvimba. Na usimtoe motoni mpaka katikati ya kijazo chenyewe pafikie nyuzi 74. Asiye na kipimajoto ni afadhali apike nje.

Sababu ya pili yahusu kuku wetu. Kuku wa kienyeji aliyekomaa ni mgumu. Akiokwa tu atawashinda wazee. Mchemshe kwanza taratibu na kitunguu na chumvi mpaka alainike. Ile supu yake ndiyo italowesha mkate wako. Kisha mkaushe kuku huyo juu ya makaa apate rangi. Hivyo ladha ya kuku imekwisha ingia katika kijazo, ingawa kijazo hakikuingia katika kuku.

Chakula kikibaki, kisilale mezani. Kisipite saa mbili bila kuwekwa katika friji. Asiye na friji agawe kilichobaki kwa jirani siku ile ile kikiwa bado moto. Kijazo kilicholala katika joto si akiba.

WAGENI WASIOKULA NGURUWE

Katika vijiji vyetu sikukuu haina mipaka ya dini. Jirani Mwislamu alituletea pilau siku ya Idi. Naye atakuja kututazama siku ya Noeli. Usimtie mashakani. Mpikie kijazo kingine kwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa, kwa shamari na vitunguu vile vile, katika sufuria na kwa mwiko ambavyo havijaguswa na nguruwe. Kuku na nyama vitoke kwa mchinjaji wa Kiislamu, au umwombe jirani mwenyewe achinje, na supu iwe ya kuku huyo. Kisha mwambie wazi lipi ni lipi kabla hajaketi. Mgeni akijua kwamba umemfikiria tangu jikoni, hula kwa amani.

MEZANI

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya usiku. Kuku mmoja, watu kumi na wawili. Kila sahani ipate kwanza vijiko viwili vikubwa vya kijazo, vyenye nyama, mkate na harufu ya sikukuu. Juu yake weka kipande cha kuku, hata kikiwa kidogo. Kando weka mboga za majani na mchuzi. Hapo atakayepata bawa hatamwonea kijicho aliyepata paja, kwa kuwa nyama iko katika kila kijiko. Bibi asiye na meno atakula bila taabu, na mtoto aliyeacha ziwa juzi atakula pia. Haba na haba hujaza kibaba, na nusu kilo ya nyama hujaza meza.

Mama, kama hujawahi kupika chakula hiki, usikijaribu kwa mara ya kwanza mbele ya wageni. Pika nusu ya kipimo Jumapili moja kabla ya sikukuu, watoto wakupe maoni yao. Nawe baba, kabla hujaenda kununua nyama, tazama kwanza kama banda la nguruwe limefungwa na kama choo kina maji na sabuni mlangoni. Kazi ya sikukuu huanzia hapo.

Twawatakia sikukuu njema, na meza isiyomwacha mtu na sahani tupu.